Mbu Anayekuuma Ametoka Wapi?

NI saa nane za usiku. Umezima taa, umejifunika shuka hadi shingoni, na usingizi umeanza kukuchukua. Mara unasikia sauti nyembamba ikipita karibu na sikio. Unapiga kofi gizani, unajipiga mwenyewe, na sauti ile inarudi. Hatimaye unawasha taa, unamwona mbu ametulia ukutani, unampiga kwa ndara na ukuta unabaki na doa la damu. Unarudi kulala ukiamini kesi imekwisha.

Kwa mtaalamu wa wadudu, kesi hiyo ndiyo kwanza inaanza. Yeye angetaka kujua mbu huyo ni wa aina gani, alizaliwa katika maji ya namna gani, umbali gani kutoka kitandani pako, na kama aina hiyo ilikuwapo mtaani mwako miaka kumi iliyopita. Majibu anayoyapata huyaandika kwenye ramani. Ramani hiyo ndiyo inayosaidia kuamua ni vijiji vipi vipewe neti, ni nyumba zipi zinyunyiziwe dawa, na ni daktari wa mji upi anayepaswa kushuku malaria hata kama mgonjwa wake hajasafiri popote.

Katika makala haya tutajifunza jinsi ramani ya mbu inavyochorwa, na kwa nini imeanza kuwahusu hata wakazi wa mijini ambao kwa miaka mingi wameiona malaria kuwa ugonjwa wa watu wa mashambani.

Mbu si mmoja

Duniani kuna aina zaidi ya 3,500 za mbu. Wengi wao hawana habari na binadamu kabisa. Kati ya wale wanaouma, ni majike tu wanaotafuta damu, kwa kuwa wanaihitaji ili kutengeneza mayai. Madume hujilisha utomvu na maji matamu ya maua, wala hayajawahi kumwambukiza mtu ugonjwa wowote.

Kwa msomaji wa Kenya, kuna jamii tatu ambazo ni vyema kuzifahamu.

Ya kwanza ni Anopheles. Huyu ndiye mbu pekee anayeeneza malaria kwa binadamu. Huuma hasa usiku. Akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili wake juu, kama mtu aliyeinama kuokota kitu.

Ya pili ni Culex. Huyu ni mbu wa mjini hasa, na ndiye mwenye zile kelele zinazowanyima watu usingizi. Hupenda maji machafu: mitaro iliyoziba, mashimo ya vyoo na matangi ya maji taka. Akitua, mwili wake hulala sambamba na ukuta. Hana malaria, lakini katika Pwani yetu ni mmoja wa wanaoeneza vijinyoo vinavyosababisha matende na mabusha.

Ya tatu ni Aedes. Ni mweusi mwenye madoadoa na mistari meupe miguuni. Yeye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Hutaga mayai yake kwenye vyombo vya maji: mapipa, mitungi, matairi makuukuu, makopo na vifuu vya nazi. Aina inayojulikana zaidi, Aedes aegypti, hueneza homa ya dengi, chikungunya na homa ya manjano.

Tayari umeona kwa nini haitoshi kusema "hapa kuna mbu wengi". Mtaa unaweza kujaa Culex hata watu wasilale, na usiwe na mgonjwa hata mmoja wa malaria. Kijiji kingine kinaweza kuwa na mbu wachache wasiosikika, na watoto wakafa. Idadi ya mbu na hatari ya mbu ni mambo mawili tofauti.

Ndugu wanaofanana kama mapacha

Mambo huwa magumu zaidi tunapoingia ndani ya jamii ya Anopheles. Mwaka wa 1902 mtaalamu Mwingereza aitwaye Giles alieleza mbu aliyepewa jina Anopheles gambiae. Kwa miongo mingi watu waliamini huyo ni mbu mmoja anayepatikana karibu Afrika nzima. Lakini kulikuwa na mambo ambayo hayakulingana. Kwingine mbu huyo aliuma watu ndani ya nyumba, kwingine aliwafuata ng'ombe zizini. Kwingine alizaliwa katika maji ya mvua, na ufuoni alionekana katika maji ya chumvi.

Katika miaka ya 1960 majaribio ya kuwazalisha mbu wa sehemu mbalimbali pamoja yalitoa jibu. Madume waliozaliwa kutokana na mchanganyiko huo walikuwa tasa. Maana yake ni kwamba hawakuwa aina moja, bali ndugu kadhaa wanaofanana sana kiasi kwamba hata hadubini haiwezi kuwatenganisha.

Ndugu watatu kati yao wanapatikana Kenya. Anopheles gambiae halisi hupenda damu ya binadamu kuliko nyingine yoyote, huingia ndani, na huzaliana katika vidimbwi vidogo vya mvua vinavyopigwa na jua, hata katika alama ya kwato ya ng'ombe. Anopheles arabiensis hustahimili ukame, huuma watu na ng'ombe, na mara nyingi hukaa nje. Anopheles merus ni wa Pwani, naye huvumilia maji ya chumvi. Nje ya ukoo huo kuna Anopheles funestus, muuaji mwingine mkubwa, anayependa maji yanayodumu na yenye majani, kama kingo za mabwawa na vinamasi.

Je, tofauti hizi zina faida gani kwa mwananchi wa kawaida? Chukua mfano wa Mwea. Mashamba ya mpunga yamejaa maji, na mbu ni wengi ajabu. Lakini mbu wa malaria aliye wengi huko ni arabiensis, na uchunguzi wa damu iliyomo matumboni mwao umeonyesha kwamba wengi wao hula ng'ombe. Mtu asiyejua hilo angedhani Mwea ndiko kwenye malaria nyingi kuliko kando ya Ziwa Victoria. Kumbe ni kinyume chake.

Mfano wa pili unatoka huko huko magharibi mwa Kenya. Neti zenye dawa zilipoenea, gambiae halisi, ambaye alitegemea kuingia ndani usiku na kuuma waliolala, alipungua sana. Sehemu ya arabiensis miongoni mwa mbu waliosalia ikaongezeka. Neti ilifanya kazi yake na kuokoa maisha ya watoto wengi. Hata hivyo, ramani ilibadilika, na anayetumia ramani ya zamani kupanga vita vya leo atampiga adui aliyekwisha kuhama.

Jinsi mbu wanavyosakwa

Kazi ya kuchora ramani huanza na viatu vyenye matope. Watafiti huingia vijijini na mitaani, mara nyingi kabla ya jua kuchomoza, baada ya kupata idhini ya wenye nyumba.

Njia moja ni mtego wa taa. Taa ndogo ya betri hutundikwa karibu na kitanda ambacho mtu amelala ndani ya neti. Mbu huvutwa na mwangaza na harufu ya aliyelala, na kipanga hewa kidogo huwavuta hadi ndani ya mfuko. Njia ya pili ni kutandaza mashuka meupe sakafuni asubuhi, kufunga milango, kunyunyiza dawa, na kuokota mbu wanaoanguka. Njia ya tatu ni kuwafyonza mbu kutani kwa mrija maalumu. Kwa Aedes, huwekwa kikopo cheusi chenye maji kidogo na kipande cha kitambaa au karatasi ngumu, kisha mayai yaliyotagwa humo huhesabiwa.

Njia nyingine ni kuwatafuta wakiwa wachanga. Mtafiti huchota maji ya kidimbwi, pipa au tangi kwa upawa, na kuhesabu viluwiluwi. Kazi hii haina fahari yoyote, lakini kama tutakavyoona, ndiyo iliyomfichua mgeni hatari.

Kila sampuli hupewa nambari, tarehe, na vipimo vya mahali ilipopatikana. Zamani mtafiti aliandika jina la kijiji tu, na vijiji viwili vyenye jina moja vikaleta fujo. Siku hizi chombo kidogo, au hata simu ya mkononi, hupokea mawimbi ya setilaiti na kuonyesha mahali hasa alipo.

Kisha kazi huhamia maabara. Kwanza mbu huchunguzwa kwa hadubini, akilinganishwa na kitabu cha mwongozo kinachoeleza madoa ya mabawa na pete za miguu. Pili, kwa wale ndugu wanaofanana, mguu mmoja wa mbu hutosha kutoa chembe za urithi za kupimwa kwa mashine. Kipimo hicho cha kutenganisha ukoo wa gambiae kimetumika tangu mwaka wa 1993. Tatu, mbu hupimwa kuona kama amebeba vijidudu vya malaria, na damu iliyomo tumboni huonyesha kama alimuuma mtu, ng'ombe au mbuzi.

Baada ya hapo nukta huwekwa kwenye ramani. Lakini hakuna nchi yenye uwezo wa kutega mtego katika kila kijiji. Kwa hiyo wataalamu hutazama mahali mbu fulani alipopatikana na kujiuliza: pale pana joto kiasi gani? Mvua kiasi gani? Mwinuko gani? Watu na mifugo wangapi? Kisha kompyuta hutafuta mahali pengine penye hali kama hiyo, na kukadiria uwezekano wa mbu huyo kuwapo.

Joto lina uzito mkubwa katika hesabu hizi. Kijidudu cha malaria kinachoua zaidi, Plasmodium falciparum, kinahitaji kukomaa ndani ya mwili wa mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Penye joto zuri kazi hiyo huchukua karibu wiki mbili au pungufu. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, ukuaji husimama, na mbu hufa kabla kijidudu hakijawa tayari. Hii ndiyo sababu mojawapo Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, imehesabiwa kuwa eneo lenye hatari ndogo, ilhali kando ya Ziwa na Pwani malaria ipo mwaka mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulikuta vijidudu vya malaria katika asilimia 6 ya watoto waliopimwa kote nchini, lakini katika eneo la Ziwa kiwango kilikuwa asilimia 19.

Ramani inapookoa maisha

Ramani nzuri haiishii kusema mbu wako wapi. Inaweza kusema watakuwa wapi.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, karibu na Naivasha, kutokana na mlipuko wa mwaka wa 1930 na 1931 miongoni mwa kondoo. Huenezwa na mbu fulani wa jamii ya Aedes ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, yakingoja mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha, mayai huanguliwa kwa mpigo. Kabla ya mlipuko wa mwaka wa 2006 na 2007, wataalamu waliokuwa wakitazama joto la bahari, mvua na rangi ya majani kwa setilaiti walitoa onyo wiki kadhaa mapema, wakitaja sehemu za Afrika Mashariki zilizo hatarini.

Lakini usidhani kwamba mbu ni mambo ya mvua peke yake. Mwaka wa 2004 Lamu ilikumbwa na chikungunya wakati wa ukame. Watu walihifadhi maji majumbani, vyombo havikufunikwa vizuri wala kumwagwa mara kwa mara, na Aedes aegypti akapata makao. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi wa kisiwa hicho walikuwa wameambukizwa. Mwaka wa 2013 ikawa zamu ya Mombasa kupambana na mlipuko wa homa ya dengi. Katika visa vyote viwili mbu hakutoka kinamasini. Alizaliwa ndani ya ua.

Nafasi tupu ina maana mbili

Hapa pana funzo ambalo kila anayetazama ramani ya mbu anapaswa kulishika. Nukta ikiwapo, maana yake mbu alipatikana. Lakini nafasi tupu ina maana mbili: huenda mbu hayupo, au huenda hakuna aliyekwenda kumtafuta.

Ukitazama nukta za miaka mingi, utaona zimesongamana karibu na barabara kubwa na vituo vya utafiti, kama vile Kisumu na Kilifi. Sehemu za kaskazini zilikuwa na nukta chache. Hazikuwa zimesalimika, hazikuwa zimekaguliwa vya kutosha.

Hata mahali palipokaguliwa, mtego wenyewe unaweza kudanganya. Mtego wa taa uliowekwa chumbani utawanasa wanaoingia chumbani. Anayeuma nje jioni na kulala zizini hataonekana. Na kitabu cha mwongozo kisichomtaja mbu fulani hakiwezi kumtambulisha. Mtafiti mwenye bidii atamlazimisha mgeni huyo avae jina la mwenyeji.

Hayo yote yalitukia kwa mbu aitwaye Anopheles stephensi.

Mgeni wa mijini

Kwao stephensi ni kusini mwa Asia na Bara Arabu. Huko India amejulikana kwa muda mrefu kama mbu wa malaria wa mijini. Tofauti na Anopheles wetu, ambao hupenda vidimbwi na vinamasi, yeye huzaliana vizuri katika vyombo: matangi ya juu ya nyumba, visima, mapipa, na mashimo ya maji ya wajenzi. Kwa maneno mengine, ni mbu wa malaria mwenye tabia za Aedes.

Mwaka wa 2012 alipatikana Djibouti. Mwaka huo nchi hiyo ndogo ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria na ilikuwa ikitumaini kuimaliza kabisa. Kufikia mwaka wa 2020 wagonjwa walikuwa wamepita 73,000. Ethiopia alionekana mwaka wa 2016, Somalia mwaka wa 2019, na Nigeria mwaka wa 2020. Mwaka wa 2022 mji wa Dire Dawa nchini Ethiopia ulipata mlipuko wa malaria uliohusishwa naye, tena wakati wa kiangazi.

Kisha ikawa zamu yetu. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 sampuli zilikusanywa katika kaunti ya Marsabit, sehemu za Laisamis na Saku. Chembe za urithi zilipochunguzwa, ikathibitika kwamba mgeni ameingia. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini, KEMRI, iliutangazia umma mapema mwaka wa 2023.

Kwa nini habari hii ikuhusu wewe unayesoma gazeti ukiwa Nakuru, Thika au Mombasa? Kwa sababu kinga kubwa ya mji dhidi ya malaria imekuwa ni ujenzi wenyewe. Lami, mitaro na majumba huondoa vidimbwi vinavyopendwa na gambiae, na uchafu wa maji yanayobaki humfukuza. Stephensi hajali. Mji wenye mgao wa maji, ambamo kila nyumba ina pipa au tangi, kwake ni kama shamba lililokwisha kulimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulikadiria kwamba akienea katika miji ya Afrika inayomfaa, watu zaidi ya milioni 126 watakuwa hatarini.

Yapo mambo mengine mawili yanayomfanya awe mgumu. Anaweza kuuma nje mapema jioni kabla watu hawajaingia chini ya neti. Pia, huko Ethiopia amepatikana akiwa sugu kwa dawa kadhaa za kuua wadudu tunazozitegemea.

Brazil waliwahi kushinda

Msomaji asikate tamaa. Mbu mgeni amewahi kufukuzwa, na safari hiyo mgeni alikuwa wa kutoka kwetu Afrika.

Mwaka wa 1930 mtaalamu Raymond Shannon aligundua katika mji wa Natal, kaskazini mashariki mwa Brazil, mbu ambaye hakupaswa kuwapo upande ule wa bahari. Inaaminika aliletwa na meli zilizokuwa zikienda kasi kutoka Dakar. Mji wa Natal ulipata nafuu baada ya hatua kuchukuliwa, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Msako ukalegea nje ya mji. Mbu akaendelea kutambaa polepole kufuata mabonde ya mito, na mwaka wa 1938 ukazuka mlipuko wa malaria ulioua watu kwa maelfu.

Ndipo kikosi kilichoongozwa na Fred Soper kilipoingia kazini. Nchi iligawanywa katika maeneo madogo, kila eneo likawa na mkaguzi wake na ramani yake, na kila kidimbwi kikatembelewa kwa ratiba. Magari yaliyotoka maeneo yenye mbu yalinyunyiziwa dawa barabarani. Kufikia mwaka wa 1940 mbu huyo alikuwa amemalizwa Brazil.

Kuna kisa cha kuongezea hapo. Wakati ule wote walimwita gambiae. Mbu wachache waliohifadhiwa walipokuja kupimwa chembe za urithi, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kwamba alikuwa arabiensis. Jina halikuwa sahihi, lakini ramani ilikuwa sahihi, na ramani ndiyo iliyoshinda.

Jaribu mwenyewe

Si lazima uwe na maabara ili kuanza ramani ya ua wako. Chukua upawa mweupe au bakuli jeupe, chota maji kutoka katika pipa, tangi, chombo cha maua au tairi lililotupwa nyuma ya nyumba. Yamimine katika gilasi, uyaache yatulie, kisha tazama.

Ukiona viluwiluwi wananing'inia vichwa vikiwa chini, mikia imegusa uso wa maji, hao ni Aedes au Culex. Wakilala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vinavyoelea, hao ni Anopheles. Ukiwakuta Anopheles ndani ya tangi au pipa katika mji, usinyamaze. Mwarifu afisa wa afya ya umma wa eneo lako, umwonyeshe mahali penyewe. Baada ya kutazama, mwaga maji hayo kwenye udongo mkavu unaopigwa na jua, si katika mtaro.

Zaidi ya hapo, zingatia mambo haya:

Kwanza, funika kila chombo cha maji kwa mfuniko usioacha upenyo. Tangi la juu liwe na wavu kwenye mdomo na kwenye bomba la hewa.

Pili, chagua siku moja kila wiki ya kumwaga maji yaliyokaa na kusugua vyombo. Wiki moja ina sababu yake: yai la mbu huhitaji takribani siku saba au zaidi kuwa mbu mwenye mabawa. Kusugua pia kuna sababu: mayai ya Aedes hubandika kwenye ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji mapya.

Tatu, endelea kulala ndani ya neti, hasa watoto na akina mama wajawazito. Ukisafiri kwenda eneo la Ziwa au Pwani kutembelea jamaa, usiache neti kwa kuona haya mbele ya wenyeji wako.

Nne, ukipata homa, nenda upimwe damu kabla ya kumeza dawa ya malaria, na umweleze daktari mahali ulipokuwa wiki chache zilizopita. Kama hukusafiri popote na bado kipimo kinaonyesha malaria, sema wazi. Habari hiyo ndogo inaweza kuwa nukta mpya muhimu kwenye ramani.

Tano, kama homa inaambatana na maumivu makali ya viungo na nyuma ya macho, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, huenda ni dengi. Usitumie aspirini wala dawa nyingine za maumivu za aina ya ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli ndiyo inayofaa, pamoja na kunywa maji mengi na kumwona daktari.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mbu wa mjini, yumo ndani ya pipa lako. Watafiti wanaweza kutembea Marsabit nzima na mitego yao, lakini hawatafika katika kila ua wa Eastleigh, Likoni au Kondele. Huko mkaguzi ni wewe. Leo jioni, kabla ya kuteka maji ya kuoga, washa taa na uchungulie ndani ya pipa.